Mwaka wa Mguu wa Mama Skolastika

Ndugu walipomaliza kugawana vitenge vya marehemu Mama Skolastika, sufuria zake, na kile kitanda cha mninga ambacho binamu zake walikuwa wamekikodolea macho tangu siku ya maziko, mumewe, Fundi Odilo, aliniita kwa kidole kutoka barazani. Ilikuwa siku ya misa ya arobaini, nyumbani kwao Kibaoni, Ifakara, na uani wali ulikuwa bado unapakuliwa. Nilidhani anataka maji. Mzee amepungua sana, mashati yanamning'inia, lakini macho bado ni yale yale ya kukukagua kana kwamba umekuja kumwibia nyundo. Alikuwa ameshika mkongojo mweusi wa mpingo wenye kofia ya shaba ya njano kwenye ncha. "Truda, huu ni wako," akasema. "Mwenyewe alisema upewe wewe." Nikaupokea, nikaulaza mapajani, na badala ya kuutazama nikawa naitazama mashine yake ya kukerezea kupitia mlango wa karakana. Ilikuwa palepale pake, imefunikwa gunia. Mimi si mtu wa kulia hovyo, na msiba wenyewe nilikuwa nimeshaulia siku ya maziko. Lakini gunia lile lilinishinda.

Watu wananijua kama fundi wa kukereza shaba. Nina karakana yangu ndogo Kisawasawa, na ukikutana na kabati zuri la mninga popote upande wetu huu, basi kirungu unachokishika kuvuta droo huenda kimepita mikononi mwangu. Wageni hushangaa kumkuta mama mtu mzima na mvi zake amesimama kwenye mashine, wananiuliza nilisomea wapi. Huwa nawajibu kwamba nilisomea kwenye mguu wa Mama Skolastika. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii hata kidogo. Mwaka ule mmoja, kutoka masika hadi masika, ndio ulionifanya niwe huyu niliye, na ulianza pale mama huyo alipoteleza kwenye tope akitoka mashine ya kukoboa mpunga na gunia la pumba kichwani, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti.

Fundi Odilo hakuwa na mota. Mashine yake ya kukerezea ilikuwa ndogo, ya chuma, ya kizamani, inayozungushwa kwa kanyagio kama cherehani, ila kanyagio lenyewe lilikuwa pana na chini yake gurudumu zito la kuhifadhi mwendo. Mafundi wengine wenye mashine za namna hiyo hukanyaga wenyewe huku wanakereza. Yeye alikataa. Alisema ukikanyaga mwenyewe mwili unacheza, mwili ukicheza mkono unacheza, na mkono ukicheza kirungu kinatoka na kiuno kisichokuwa chake. Kwa hiyo tangu waoane, yeye alisimama mbele na kisu, na mkewe alikaa pembeni kwenye kigoda akikanyaga. Vyote vilivyotoka pale, virungu vya droo, vishikio vya milango ya kabati, misumari ya mapambo yenye vichwa vya duara, vilikuwa vya mikono ya mume na miguu ya mke. Mguu ulipovunjika, kazi ikasimama. Ndipo nilipoletwa mimi, msichana wa kidato cha nne aliyeshindwa mtihani na mwenye mapaja yenye nguvu. Makubaliano na baba yangu mdogo yalikuwa mafupi: nikanyage mpaka mguu wa Mama Skolastika upone, kisha nirudi Namawala kuamia ndege shambani wasimalize mpunga na kungoja mchumba, ambaye inaelekea walikuwa wameshaanza kumtafuta.

Chumba changu kilikuwa stoo ya pumba. Magunia yalipangwa mpaka darini, kwa sababu Fundi aliyeyushia shaba kwa moto wa pumba za mpunga, na kitanda changu cha kamba kilibanwa kati ya magunia na ukuta wa mbao uliotutenga na sebule. Nilinukia mpunga mwaka mzima. Hata leo nikipita karibu na mashine ya kukoboa, nasimama kidogo, na watu hudhani nimechoka. Kupitia kiambaza kile cha mbao ndiko nilikosikia karibu kila kilichosemwa ndani ya nyumba, maana Fundi alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kelele za nyundo, na mkewe alimjibu kwa sauti hiyohiyo ili asishindwe.

Siku za kwanza nilikanyaga kama ninayemfukuza nyoka. Mama Skolastika, mguu ukiwa umefungwa hogo la plasta na kuwekwa juu ya stuli, alikaa mlangoni akichambua mchele na kunitazama. "Mwanangu, taratibu, hiyo si baiskeli," aliniambia. "Usikanyage kwa hasira. Sikiliza mguu." Sikuelewa mguu unasikilizwaje. Siku moja akanivua kandambili, akaniambia nikanyage peku, nifumbe macho. Na kweli, nilianza kuhisi. Kisu kikigusa shaba vizuri, kanyagio huwa jepesi na linatetema kidogo sana, kwa mpangilio. Kisu kikitaka kuuma, kanyagio linakuwa zito ghafla chini ya vidole, kabla hata fundi mwenyewe hajajua, na hapo mkanyagaji hodari hasukumi, anaachia. Asipoachia, shaba inakidaka kisu, kipande kinapinda, pengine kinachomoka na kumpiga mtu usoni. Nilianza kuachia kwa wakati. Jioni moja Fundi alipokuwa akinawa mikono nilimsikia akimwambia mkewe, "Huyu binti ana unyayo." Mama Skolastika akajibu, "Nimeona." Niliyapenda maneno hayo kuliko cheti chochote ambacho shule ingenipa.

Chakula cha nyumba ile nitakikumbuka mpaka naingia kaburini. Mama Skolastika alipika akiwa amekaa, kila kitu amekizungushia karibu kama duka. Wali wa mchele wa kule kule bondeni, kambale wa kukausha aliyetiwa nazi, mchicha, na mpunga mchanga ulipofika, pepeta. Tuliukaanga mpunga ungali na unyevu, tukautwanga moto moto, tukaupeta, na Fundi alikuja mwenyewe jikoni kabla hajaitwa, jambo ambalo hakulifanya kwa chakula kingine chochote. Tulikula kwenye sinia moja. Nyumbani nilikotoka wanaume walikula kwao na sisi kwetu, na mara ya kwanza nilipotaka kujitenga na bakuli langu Mama Skolastika aliniuliza, "Unatuogopa au unatuona wachafu?" Nikarudi. Tangu siku ile kila nilipoinua macho kutoka kwenye sinia niliwaona wakibishana kuhusu kisu. Mke, kwa miaka yake ya kukanyaga, alikuwa akijua hata kwa sauti tu kisu kimechoka lini, na mumewe hakupenda kuambiwa, na alikuwa akienda kukinoa kila alipoambiwa.

Hogo lilipofunguliwa, kiangazi kikiwa kimeshika, nilikosa raha. Mguu ulikuwa mwembamba na mweupe kwa vumbi la plasta, lakini ulikuwa umenyooka, na daktari alisema atembee. Wote tulishukuru. Mimi nilishukuru kwa mdomo, na kanisani niliomba upone, ila upone polepole. Seremala jirani akamchongea mkongojo wa mpingo. Fundi akasema ncha itahitaji kofia ya shaba isije ikapasuka, atakereza kesho. Mama Skolastika akasema, "Mpe Truda."

"Nimpe nini?" Fundi akauliza, kana kwamba mimi sikuwepo.

"Kisu. Mkongojo ni wangu, na mimi nataka kofia ya Truda."

"Na atakanyaga nani?"

"Wewe huna miguu?"

Fundi Odilo akakaa kwenye kigoda cha mkewe. Majirani waliokuja kuchukua vitu vyao walisimama mlangoni wakicheka mpaka wakashika mbavu, fundi mzima anamkanyagia msichana, na yeye akawa anawatupia maneno ya Kipogoro ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimenoa kisu changu usiku kucha akilini na asubuhi kwenye jiwe, nikakifanya kikali cha kunyolea, maana nilifikiri ukali ndio ufundi. Kilipogusa tu shaba, kikazama, kipande kikadakwa, na Fundi akaachia kanyagio kwa wakati. Hakufoka. Alichukua kisu, akakipitisha mara moja kwenye jiwe kwa ubapa, akaua ule mdomo wa juu wa makali. "Chuma kinataka kisu cha kuparura," alisema. "Shaba ukiiendea na mdomo mkali inakung'ang'ania. Iendee na mdomo uliokufa kidogo, itakuachia yenyewe." Nikaanza tena. Shaba ikaanza kutoka chenga chenga, kama chenga za mchele, zikanirukia mikononi zikiwa za moto, na sikusogeza mkono.

Kofia ilipokamilika niliisugua kwa majivu. Hii ndiyo kazi ya kwetu ambayo sijaiona mahali pengine. Pumba zikishaungua mpaka majivu yawe meupe kabisa, unayachekecha kwenye kipande cha kanga kuukuu, unayatia tone la limau, unasugua kwa kidole gumba, na shaba inang'aa kama imeoga. Majivu yakiwa na weusi, yana mchanga ndani, yanachubua. Mama Skolastika aliyachekecha yeye mwenyewe siku ile. Nilipomaliza ubavu na kutaka kusugua sehemu ya chini inayogusa ardhi, ambayo ilikuwa bado na viduara vyembamba vya kisu, kimoja ndani ya kingine, Fundi alinizuia. "Hapo acha. Chini kutasuguliwa na ardhi. Mwezi mmoja wa kutembea hutaona alama hata moja." Nikaacha. Mama Skolastika akaupokea mkongojo, akaubusu, jambo lililomfanya mumewe ageukie ukutani.

Baba mdogo alikuja baada ya mavuno, na baiskeli na jogoo wa zawadi. Nilikuwa kwenye kanyagio nikamwona kupitia mlango. Mama Skolastika alitoka chumbani akiutegemea mkongojo, akichechemea hivi kwamba hata mimi niliyeishi naye nilimhurumia.

"Shikamoo, Mama," baba mdogo alisema. Walikuwa karibu rika moja, lakini ugonjwa ulimpa mama huyo cheo.

"Marahaba, baba. Karibu. Unaniona nilivyo."

"Pole sana. Tulisikia wameshafungua."

"Wamefungua, ndiyo. Kufungua na kupona ni vitu viwili. Bila binti yako nisingefika hata chooni. Mungu akubariki kwa kunipa huyu mtoto."

Baba mdogo alikunywa chai, akakuna shingo, akasema shambani kulikuwa na ndege wengi mwaka huu, akaondoka bila mimi. Nilimsindikiza hadi njia kuu nikiwa na furaha niliyoshindwa kuificha, na aibu ya hiyo furaha. Alasiri ile mvua isiyotarajiwa ilipiga bati, na kupitia kiambaza nikamsikia Fundi akiuliza, "Skola, huo mguu umepona au haujapona?" Mkewe akamjibu, "Daktari ana yake na mimi nina yangu. Kula." Nikaelewa kwamba maumivu yalikuwa bado yapo na kwamba hapendi kuyazungumzia. Nikaahidi moyoni kumchotea maji hata asiponiagiza.

Tangu hapo nilishika kisu kila siku. Fundi alikanyaga asubuhi, mimi mchana. Nilikereza virungu vibaya visivyohesabika, vyote vikarudi kwenye chungu cha kuyeyushia, na hakuna aliyeninung'unikia. Siku ya sikukuu ya parokia, akina mama wa jumuiya walicheza wakipeleka vipaji altareni, vikapu vya mchele vichwani. Kila mtu Ifakara alijua kwamba mstari ule uliongozwa na Mama Skolastika miaka yote, hakuna aliyekuwa na mabega kama yake. Mwaka ule alikaa kwenye benchi, mkongojo kati ya magoti, akapiga makofi. Nilikuwa karibu naye. Niliona mguu wake wa kulia, ule uliovunjika, ukipigapiga sakafu chini ya benchi kufuata ngoma. Nikafikiri ni mazoea ya kanyagio. Machozi yalikuwa yanamtoka, nikampa leso yangu, akanishika mkono mpaka wimbo ukaisha.

Masika yaliporudi, seremala wa jirani alileta kazi ya kabati kubwa la kuwekea mavazi ya misa, virungu vyote viwe sawasawa. Fundi alikereza kimoja cha mfano, akaniachia vilivyobaki. Nilipomaliza nikavichanganya na cha kwake kwenye ungo, nikamwita yeye na mkewe. Fundi aliviokota kimoja kimoja, akavipima kwa kidole gumba shingoni, akavirudisha. Akavichukua tena. Mwisho akamtazama mkewe, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kirungu changu sikioni." Mama Skolastika akasimama. Akautundika mkongojo kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda mwenyewe kwenye kigoda, akavua kandambili. "Mguu umepona," akasema. Nikaanza kufikiria nguo zangu zilipo. Akanigeukia. "Unangoja nini? Mimi nakanyaga. Shika kisu." Naye Fundi Odilo akachukua koleo akaenda kwenye moto wake wa pumba, na hakurudi kwenye mashine siku ile. Baba mdogo alipokuja tena kunichukua, seremala aliyekuwa akisubiri kazi yake alimweleza mwenyewe kwamba kabati la parokia limekerezwa virungu na huyu binti yako, na mtu hachukui fundi wa parokia kumpeleka kuamia ndege. Nilikaa pale mpaka nikaolewa kwa hiari yangu na kuanza kazi yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba nilikuwa na bahati, kwamba mguu ulipona siku ileile nilipojua kazi.

Barazani, sahani zikigongana uani, hatimaye niliutazama mkongojo. Ubavu wa kofia ulikuwa umefifia, shaba isiyosuguliwa hufanya hivyo. Nikaigeuza ncha kwa mazoea tu, kama ninavyogeuza kitu chochote cha shaba kinachoingia mkononi mwangu. Viduara vilikuwepo. Vyote, kimoja ndani ya kingine, vyembamba kama siku nilipovikata, vimekwaruzika kidogo tu pembeni. Niliupitisha ukucha juu yavyo nikausikia ukirukaruka. Nikamgeukia mzee.

"Hakuutembelea," nikasema.

"Umeona leo?" Fundi Odilo akasema. "Mimi nilidhani ungeona mwaka uleule. Fundi gani wewe."

"Lakini alikuwa anachechemea."

"Mbele yako. Na mbele ya baba yako mdogo. Ukiwa sokoni alikuwa anafagia uwanja mzima, mkongojo uko nyuma ya mlango. Mimi nilimwambia tuseme ukweli, tuseme binti anajifunza ufundi. Akaniambia wewe Odilo hujui watu. Tukisema anajifunza ufundi watakuja kumchukua kesho, msichana na mashine wapi na wapi. Lakini msichana anayemsaidia mgonjwa, nani atamchukua? Hata padri hatamchukua." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Kitu kimoja tu kilimuuma. Sikukuu ile. Alirudi nyumbani akalala kifudifudi. Mwaka uliofuata walishamweka mwingine mbele ya mstari, na yeye hakudai. Akacheza nyuma mpaka uzee."

Kwa miaka yote niliyompelekea Mama Skolastika sukari na vitenge vya Krismasi, nilidhani namshukuru kwa chakula na kitanda. Alivipokea, akanibariki, na hakutamka neno. Nilitaka kuingia ndani nimwambie mwenyewe, kana kwamba bado yupo, nikakumbuka kwamba ndani kuna binamu wanaofungasha kitanda. Nikamwinamia mzee nikamshika miguu, nikamwambia asante, na asante nyingine ya mkewe, naye akanipigapiga kichwani kana kwamba nilikuwa mtoto wake, na ndivyo nilivyokuwa.

Magoti yangu yenyewe siku hizi yananisumbua, miaka ya kusimama kwenye mashine si mchezo, na kutoka pale hadi kituoni kuna mwendo. Binti mmoja wa jirani aliniona ninavyosuasua akaniambia, "Bibi, si utumie mkongojo wako?" Nikamwambia huu si wa kutembelea. Nikauweka begani, ncha juu, nikaenda hivyo hadi stendi.